NJIA ZA VITABU VYA KWANZA, NA JINSI RAMANI IWEZAVYO KUZIFUNDISHA

Katika mwaka huu wa jubilei watu wengi hutuuliza habari za wamisionari wa kwanza, za makanisa ya kwanza, na za wazee waliobatizwa mwanzo. Habari hizo zimesimuliwa katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika juu ya shule tumeona vema kueleza jambo moja ambalo mara nyingi husahauliwa, nalo ni habari ya vitabu vyenyewe. Kila Jumapili twakifungua kitabu, twakisoma, kisha twakifunga. Lakini ni wachache miongoni mwetu wajiulizao: Kitabu hiki kilitoka wapi? Nani aliyekipiga chapa? Na maneno yake yalitoka kinywani mwa nani?

Walimu wamejaribu kwa miaka mingi kuwafundisha watoto habari hizo kwa kuandika orodha ya miaka ubaoni. Watoto huinakili, huikariri, na baada ya mtihani huisahau. Basi siku hizi kuna chombo kipya cha kutusaidia, nacho ni ramani ya kidijitali. Ramani hii haikuchorwa katika karatasi, bali huonekana katika kioo cha kompyuta au cha simu. Ramani ya ukutani husema neno lile lile siku zote, lakini hii hujibu ikiulizwa. Mwalimu akiisogeza alama ya miaka, nukta za miji huongezeka. Akiugusa mji, habari zake hutokea. Akitaka kuona njia za biashara huziweka juu, na asipozitaka huziondoa. Chuo Kikuu cha Iowa, huko Marekani, kimetengeneza ramani ya namna hiyo iitwayo Atlas of Early Printing, nayo huonyesha jinsi kazi ya kupiga chapa ilivyoenea Ulaya tangu miaka ya 1450 hata mwaka 1500. Ndani yake mna miji ya wapiga chapa, vyuo vikuu, viwanda vya karatasi, magulio na njia za biashara, kila jambo katika tabaka lake.

Hatuandiki haya ili kusifu chombo kwa kuwa ni kipya. Twaandika kwa sababu tumekitumia, tukaona faida yake, tukaona na hatari yake pia. Na yote mawili yafaa kujulikana na walimu wa kila usharika.

I. Somo la Ulaya

Tuanze na Ulaya, kwa kuwa ndiko ramani hiyo ianzako. Mwalimu na aweke alama katika mwaka 1455. Ataona mji wa Mainz, katika nchi ya Ujerumani, kando ya mto Rhine. Hapo Johannes Gutenberg na wenziwe walipiga chapa Biblia ya Kilatini kwa herufi za madini, kila herufi peke yake. Herufi zilipangwa, zikapakwa wino, zikagandamizwa juu ya karatasi, kisha zikatenguliwa ili zipangwe tena kwa ukurasa mwingine. Wataalamu hukadiria kwamba nakala zake zilikuwa kama 180. Mwaka 1454 Enea Silvio Piccolomini, ambaye baadaye alikuwa Papa Pio II, aliziona kurasa za Biblia hiyo huko Frankfurt, mji wa gulio kubwa, akamwandikia kardinali mmoja kwamba herufi zake ni safi hata zasomeka bila miwani.

Sasa mwalimu na asogeze alama polepole. Mwaka 1465 nukta yatokea Subiaco, katika monasteri ya Italia. Mwaka 1467 Roma. Mwaka 1469 Venice. Mwaka 1470 Paris. Na mwaka 1476 Westminster, alikofanya kazi William Caxton. Hata kufika mwaka 1500, miji iliyokuwa imepata kupiga chapa vitabu ilizidi 200.

Hapo ndipo maswali huanza, na maswali ndiyo faida ya ramani hii. Mtoto huona kwamba Mainz, Strasbourg, Basel na Cologne zote ziko kando ya mto Rhine, akauliza sababu. Mwalimu humwambia kwamba karatasi ni mzigo mzito, na mzigo mzito hupenda njia ya maji; kama vile mazao yetu yalivyofuata bahari na ziwa kabla ya barabara na reli. Mwingine huuliza kwa nini mafundi waliuacha mji wao. Huambiwa kwamba mwaka 1462 maaskofu wakuu wawili waligombea kiti kimoja cha Mainz, mji ukashambuliwa na kutekwa, na wapiga chapa wengi wakatawanyika. Hivyo vita vilivyoharibu mji mmoja vilisaidia kuipeleka kazi yake katika miji mingine.

Wengi hudhani kwamba vitabu hufuata wasomi. Basi mwalimu na aweke juu tabaka la vyuo vikuu. Paris ina chuo, na chapa imo. Lakini Venice haikuwa na chuo kikuu. Chuo kilichokuwa karibu nayo ni cha Padua. Hata hivyo Venice ndiyo iliyopita miji yote kwa wingi wa vitabu katika karne ile. Sababu yake ni nini? Venice ilikuwa na matajiri wa kutoa mali, na merikebu na njia za biashara za kusambaza bidhaa. Kitabu kilihitaji mwenye elimu wa kukiandika, lakini kilihitaji pia mfanyabiashara wa kukigharimia na mchukuzi wa kukifikisha. Jambo hili laweza kuelezwa kwa maneno, lakini mtoto alionaye kwa macho yake mwenyewe hahitaji kulikariri.

Tena ramani hufundisha kupima ushahidi. Huko Oxford kuna kitabu kinachofafanua Imani ya Mitume, ambacho mwishoni mwake pameandikwa mwaka 1468. Mtu akiyasadiki maandishi hayo, Oxford itatangulia Venice na Paris, na Caxton pia. Lakini wataalamu wameonyesha kwamba aliyezipanga herufi aliisahau alama moja ya kumi katika hesabu ya Kirumi, na mwaka wa kweli ni 1478. Basi twawaambia watoto: hata kitabu kilichopigwa chapa chaweza kukosea, na hata ramani yaweza kukosea ikikifuata bila kuuliza.

II. Na sisi tulikuwa wapi?

Baada ya somo hilo, mtoto wa nchi yetu huitazama ramani ya Ulaya iliyojaa nukta, akauliza: Na sisi tulikuwa wapi? Swali hili si la kupuuzwa.

Jibu la kwanza liko Roma. Mwaka 1513 kitabu cha Zaburi kilipigwa chapa huko kwa Kigeez, lugha ya ibada ya Kanisa la Ethiopia. Aliyekitoa alikuwa Mjerumani, Johannes Potken, aliyejifunza lugha hiyo kwa Wahabeshi waliokwenda Roma kuhiji. Naye alidhani kuwa ni lugha ya Wakaldayo, akaiita hivyo. Baada ya miaka 35, yaani mwaka 1548 na 1549, Agano Jipya kwa Kigeez lilitolewa katika mji ule ule. Na safari hii msimamizi wa kazi alikuwa mtawa Mhabeshi mwenyewe, Tasfa Seyon, pamoja na wenziwe.

Jibu la pili liko Lisbon, katika nchi ya Ureno. Mwaka 1624 ilipigwa chapa huko katekisimu ya Kireno na Kikongo, iliyotolewa na Mateus Cardoso, padre Mjesuiti. Kikongo ni lugha ya Kibantu, ndugu yake Kiswahili. Basi lugha za jamaa yetu zilikwisha kuingia katika chapa zaidi ya miaka 200 kabla ya mmisionari Krapf kufika Mombasa.

Lakini angalieni, wasomaji wapenzi, jambo lililofichwa hapa. Zaburi na Agano Jipya la Kigeez zimewekewa nukta Roma. Katekisimu ya Kikongo imewekewa nukta Lisbon. Ramani haikusema uongo, kwani huko ndiko mashini zilikokuwako. Walakini maneno hayakuzaliwa huko.

III. Kosa letu

Tulilitambua jambo hili kwa aibu. Tulipojaribu somo hili darasani mara ya kwanza tulitaka kuwaonyesha watoto Kiswahili kilipoingia katika chapa. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Katika mwaka ule ule mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walifariki. Naye, katika msiba huo, aliendelea kujifunza lugha na kufasiri kitabu cha Mwanzo. Sura tatu za kwanza za tafsiri yake zilitolewa mwaka 1847 katika jarida la chama cha wataalamu wa habari za Mashariki huko Marekani. Basi tukaweka nukta yetu Marekani, kama ilivyo desturi ya ramani za chapa.

Msichana mmoja akainua mkono, akasema, "Mwalimu, kumbe Kiswahili kilitoka Marekani?" Wenziwe wakacheka. Sisi hatukucheka, maana kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumewafundisha watoto, kwa nukta moja tu, kwamba lugha ya mama zao ni zawadi iliyoletwa kwa merikebu.

Tangu siku ile tumefuata kanuni moja, nayo twaipendekeza kwa kila mwalimu. Kitabu kimoja hupewa nukta tatu. Nukta nyekundu huwekwa mahali maneno yalipotoka, yaani walipoishi watu waliosema, waliofundisha na waliofasiri. Nukta nyeusi huwekwa mahali kitabu kilipopigwa chapa. Nukta ya kijani huwekwa mahali kiliposomwa. Kisha nukta hizo huunganishwa kwa mstari, na mstari huo ndio historia ya kitabu.

Tukiijaribu kanuni hii kwa sura za Mwanzo, nukta nyeusi yabaki Marekani, lakini nukta nyekundu yawaka Mombasa, ambako Sheikh Ali, aliyekuwa kadhi wa mji, alimsaidia Krapf katika kufasiri. Ni jambo la kukumbukwa kwamba kadhi Mwislamu na mmisionari Mkristo walikaa pamoja juu ya kitabu cha Mwanzo. Vivyo hivyo kitabu cha Krapf cha sarufi ya Kiswahili, cha mwaka 1850, kina nukta nyeusi katika mji wa Tübingen, Ujerumani. Lakini nyekundu yake iko Mombasa na Rabai.

IV. Unguja na bara

Misheni ya Vyuo Vikuu ilifika Unguja mwaka 1864, na pamoja na Askofu Tozer alikuja Edward Steere. Mwaka 1867 Steere alitoa huko Unguja kitabu kidogo cha lugha ya Kishambala. Hapa watoto huona badiliko kubwa: nukta nyeusi sasa iko katika pwani yetu wenyewe, na nyekundu iko Usambara. Na mikono iliyozipanga herufi ilikuwa ya nani? Vijana waliotolewa katika majahazi ya watumwa walifundishwa kazi ya chapa, na mmoja wa mafundi hao alikuwa Owen Makanyassa. Mtu aliyepata kuhesabiwa kama bidhaa alisimama mbele ya sanduku la herufi, akayapanga maneno ya kusomwa na wengine. Jina lake halionekani katika nukta yo yote. Ni juu ya mwalimu kulitaja.

Mwaka 1870 vitabu viwili vya Steere vilitolewa London: kimoja cha kufundishia lugha kama inenwavyo Unguja, na kimoja cha hadithi za Waswahili. Nukta nyeusi yarudi Uingereza, lakini nyekundu haitoki Unguja, kwani hadithi zile zilisimuliwa na watu wa Unguja.

Tena ni haki kusema kwamba misheni hazikuwa peke yao. Karibu na mwaka 1880 Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alikuwa na kiwanda chake cha chapa, kilichotoa vitabu vya elimu ya dini ya Kiislamu kwa Kiarabu. Na zamani sana kabla ya mashini zote hizi, watu wa Pate, Lamu na Mombasa waliandika tenzi kwa mkono kwa herufi za Kiarabu. Ramani ya chapa haiwezi kuwaonyesha hao. Mwalimu asiwaache watoto wadhani kwamba kusoma kulianza siku mashini iliposhushwa pwani.

Huko Buganda nukta ya kijani ndiyo itakayowafurahisha watoto. Alexander Mackay, aliyefika huko mwaka 1878, alichonga herufi za mti kwa mkono wake, akapiga chapa karatasi za kusomea. Kwanza watu walisoma kwa Kiswahili, baadaye kwa Kiganda. Na watu waliokuja kufundishwa dini waliitwa wasomaji, kana kwamba kusoma na kuamini ni kazi moja.

Faida ya mwisho ya mistari hii ni kutueleza lugha ya vitabu vyetu vya leo. Mstari mmoja watoka Mombasa, mwingine watoka Unguja. Kwa hiyo palikuwa na Maandiko ya Kimvita na Maandiko ya Kiunguja, na wakristo wa nchi jirani hawakusoma maneno yale yale. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya vitabu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kuusimamia usanifu huo. Mwaka 1952 ikatolewa Biblia ya Muungano, ambayo kwayo mistari miwili ilikutana. Wazee waliozoea maneno ya kwanza waliona ugumu kuyaacha, wala haifai kuwacheka. Kwani mtu hulipenda neno alilolisikia akiwa mtoto, na maneno yaliyoachwa nayo yalikuwa na nchi yake.

V. Palipo na kompyuta, na pasipo nayo

Huenda mwalimu wa shule ya mbali akasema, "Haya ni ya watu wa mjini, sisi hatuna kompyuta, na intaneti hukatika katikati ya somo." Twamjibu kwamba hata sisi umeme ulitukatikia, ndipo tulipovumbua njia hii. Tulitoka nje, tukachora kwa majivu pwani ya Afrika Mashariki na upande mmoja Ulaya. Tukawapa watoto punje za mahindi kuwa nukta nyeusi, maharagwe mekundu kuwa nukta nyekundu, na majani kuwa nukta za kijani. Mwalimu hutaja mwaka kwa sauti, na mtoto mwenye kitabu cha mwaka huo huenda akaweka nukta zake na kuziunga kwa uzi. Mtoto mwingine hupewa kazi ya kuuliza: Umejuaje? Na asiyeweza kujibu huiondoa nukta yake mpaka apate ushahidi. Ramani ya majivu nayo hujibu ikiulizwa, ila hapa watoto wenyewe ndio mashini.

VI. Kazi iliyobaki

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Huko Oxford na kwingineko wataalamu hukusanya habari za vitabu vya karne ya 15, si za mahali vilipopigwa chapa tu, bali za kila nakala moja moja. Hufungua jalada, hutazama majina ya waliokuwa nacho, bei iliyoandikwa pembeni, na mihuri ya nyumba kilipotunzwa. Kisha huonyesha katika ramani safari ya nakala ile kutoka mkono hata mkono kwa miaka 500. Hivyo nukta za kijani za Ulaya zajulikana.

Nukta za kijani za kwetu ziko wapi? Ziko katika masanduku ya nyumba zetu. Katika usharika mmoja mama mzee alituletea kitabu cha sala kilichofungwa kwa kitambaa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeliwa na mchwa, hata hatukuweza kujua kilipigwa chapa wapi. Lakini ndani ya jalada la nyuma palikuwa na majina manne, ya babu, ya mwana, ya mjukuu na lake mwenyewe, na miaka ya ubatizo wa watoto, na jina la kijiji ambacho siku hizi hakina watu. Kama angalichelewa msimu mmoja wa mvua, mchwa wangalifika na huko nyuma, na hakuna ramani duniani ambayo ingaliweza kuturudishia majina yale.

Basi twawasihi ndugu wote wa sharika zetu katika mwaka huu wa jubilei. Fungueni masanduku. Kila kitabu cha zamani cha Kiswahili, au cha lugha ya kabila lo lote, kiwe kizima au kimechakaa, kipelekwe kwa mwalimu wa karibu, naye ataandika mambo matano: jina la kitabu, mahali na mwaka wa chapa kama vyaonekana, majina yaliyoandikwa kwa mkono, kijiji kilikotoka, na jina la aliyekitunza. Kisha kitabu kitarudishwa kwa mwenyewe siku ile ile. Hatutaki kumnyang'anya mtu urithi wake. Na walimu twawaomba watunze madaftari hayo mahali pakavu, wayapige picha kwa simu, na nakala moja wailete kwetu kabla ya mwisho wa mwaka, ili nukta za kijani zianze kuwekwa.

Yule mama aliondoka na kitabu chake chini ya kwapa, kimefungwa katika kitambaa kile kile. Jina lake ni la nne katika jalada, na chini yake pamebaki nafasi.